Takaba: Kiu leo, gharika kesho

UKITAKA kujua thamani ya maji, msomaji, usiende Kisumu wala Mombasa ambako maji yapo tele mpaka yanapiga kuta za majengo. Nenda Takaba. Huko utawakuta watu ambao mwezi huu wanamwomba Mungu ailete mvua, na mwezi ujao wanamwomba aizuie. Usiwacheke. Maombi yote mawili ni ya dhati.

Takaba ni makao makuu ya Mandera Magharibi, katika Kaunti ya Mandera, kule juu kabisa ambako Kenya inakaribiana na Ethiopia. Wenyeji wake wengi ni Wagarre, watu wa ngamia na mbuzi, na sokoni utasikia Kisomali, Kiborana na Kiswahili vikipokezana. Si mji wa watalii. Hakuna simba wa kupiga picha wala hoteli ya kuogelea. Lakini kuna somo pale ambalo sisi wa mijini tunalihitaji kuliko tunavyodhani.

Njia ya kwenda

Mabasi ya kuelekea Mandera huondokea Eastleigh, Nairobi. Kabla hujafunga mizigo, uliza hali ya usalama ilivyo wiki hiyo, maana kuna sehemu za njia ambazo magari huenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Ukiambiwa subiri, subiri.

Utapita Thika na Mwingi, na baada ya kilomita zipatazo 370 utafika Garissa. Hapa shuka unywe chai, kisha tembea mpaka darajani ukautazame Mto Tana. Maji yale mekundu yametoka mbali, kwenye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikinyesha kwa nguvu Murang'a leo, Garissa haitafurika leo. Mto huchukua siku kadhaa kuileta habari, na mabwawa yakikaribia kujaa watu wa huku chini huonywa.

Pamoja na maonyo hayo, maafa hutokea. Mnamo Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliikata barabara pale Madogo, ng'ambo tu ya mto kutoka mji wa Garissa. Abiria wakawa wanavushwa kwa mashua, na mwezi Aprili 2024 mashua moja ikazama, watu wakapoteza maisha. Sasa jiulize, msomaji: ikiwa mafuriko yanayotuma salamu siku kadhaa mbele yanaua, yatakuwaje yale yasiyobisha hodi?

Hayo yasiyobisha hodi ndiyo ya Takaba. Kuyaona itakubidi uendelee na safari: Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj, Kutulo, hadi Elwak. Hapo unaiacha njia ya kwenda mji wa Mandera na kugeukia magharibi kupitia Wargadud. Wapo pia wanaopendelea kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale kwa sababu ya lami, kisha wakageukia mashariki. Kwa vyovyote vile, funga kilemba. Vumbi la huko halichagui dirisha.

Mto uliolala

Njiani utaona jambo la ajabu. Barabara inashuka ghafla, inakanyaga mchanga mweupe laini, kisha inapanda tena. Hakuna daraja wala tone la maji. Kandokando kuna miti mikubwa yenye kivuli, na mtu mgeni husema moyoni, "Hapa ndipo pa kupumzikia."

Usithubutu. Hiyo ni laga, yaani mto wa msimu. Ule mchanga ni mto uliolala, na miti ile imenenepa kwa sababu inajua maji yako wapi.

Mandera hupata wastani wa milimita 255 za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata karibu mara nne ya kiasi hicho. Lakini shida ya Mandera si uchache wa mvua peke yake, bali jinsi inavyokuja. Haisambai mwaka mzima. Huja misimu miwili: ile ambayo Wasomali huiita gu, kati ya Machi na Mei, na deyr, kati ya Oktoba na Desemba. Na katika msimu huo, sehemu kubwa ya mvua yaweza kumwagika katika dhoruba chache tu.

Ardhi nayo imeoka kwa jua la jilal, kiangazi kile kikali cha mwanzo wa mwaka. Imekuwa ngumu kama sakafu. Nyasi hazipo za kuyapunguza maji mwendo. Basi mvua ikigonga vilima vya mawe, haizami, inateleza. Vijito kumi vinaingia laga moja, na laga inaamka. Wewe uliye huku chini huenda umesimama kwenye jua, mbingu nyeupe juu ya kichwa chako, hujui kwamba mvua imenyesha kilomita ishirini kutoka hapo. Unachosikia kwanza ni mvumo, kama lori linalokuja. Mara mbele yako kuna ukuta wa maji ya matope, matawi na mizoga.

Ndiyo sababu dereva mzoefu akikuta laga inapita huzima gari, akatandika mkeka na kungoja, hata iwe usiku mzima. Abiria wa mjini hulalamika kwamba wamecheleweshwa. Hawajui kwamba maji ya nusu mita tu, yakiwa na kasi, yanatosha kulibeba gari dogo.

Ukame huchagua wa kufurikiwa

Ukifika Takaba yenyewe, usiangalie maduka kwanza. Panda mahali palipoinuka uutazame mji ulivyokaa. Jiulize: nani anakaa juu, na nani anakaa chini? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha makala haya.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosekana kaskazini mwa Kenya misimu mitano mfululizo. Ulikuwa ukame mbaya kuliko wote katika miaka 40. Nchini kote, katika sehemu kame, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Unaposoma tarakimu hiyo ukiwa umekaa Buruburu, ni tarakimu tu. Lakini kwa mfugaji, mbuzi ni karo, ngamia ni benki, na ng'ombe ni mahari ya kijana wake. Vikiisha hivyo, hana tena sababu ya kukaa malishoni. Anakusanya watoto, anahamia mjini kutafuta kibarua na msaada.

Mjini anakuta sehemu nzuri, zile zilizoinuka, zina wenyewe. Nafasi iliyobaki ni bondeni, ukingoni mwa laga, mahali ambapo wenyeji wa zamani hawakujenga kwa sababu wazee wao waliwakataza. Mgeni huyu hana la kuchagua. Anainamisha matawi, anatandaza mikeka na maturubai juu yake, na hapo ndipo kwake. Hadithi hii utaikuta katika miji mingi ya kaskazini mashariki.

Kisha ikaja deyr ya mwaka 2023. Watu waliokuwa wakilia kwa kiu wakalia kwa maji. Mandera, Wajir, Garissa na Tana River zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mji wa Elwak, ule uliopitia ukija, uliingiwa na maji. Barabara zilikatika, na zaidi ya watu 100 walifariki kote nchini. Mbuzi waliokuwa wameponea chupuchupu kwenye ukame, mifupa mitupu, hawakuweza kustahimili baridi ya mvua. Wengi walikufa bila hata kuguswa na mkondo.

Umeona sasa, msomaji? Tumezoea kuyaweka mambo haya katika mafungu mawili: ukame upande huu, mafuriko upande ule. Takaba inakufundisha kwamba ni mapacha. Ukame ndio humshusha mtu kutoka malishoni na kumweka kwenye njia ya maji. Ukame ndio humkondesha mbuzi ili mvua immalize. Kwa maneno mengine, ukame huchagua mapema nani atafurikiwa.

Na maji yakishapita, hayaachi matope tu. Vyoo vya shimo vikijaa na kufurika, kipindupindu hubisha mlangoni. Mbu nao huzaana. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa ulizuka Garissa na kuenea kaskazini mashariki, ukaua watu na mifugo. Mayai ya mbu waenezao ugonjwa huo yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi yakingoja gharika tu ili yaanguliwe. Barabara nazo zikikatika, unga na dawa hupanda bei au huadimika kabisa, na mama mjamzito anayehitaji hospitali kubwa hana pa kupitia.

Je, ni mambo ya Mungu tu?

Wazee watakukumbusha kwamba gharika si jambo geni. Kulikuwa na mafuriko makubwa ya 1961, kabla ya Uhuru, na yale ya 1997. Wanasema kweli. Mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba huja hasa pale ambapo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yanapata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na zaidi kama hali hiyo itakutana na El Niño ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2023 zote mbili zilikutana.

Lakini kuna jipya. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kila joto likiongezeka kwa nyuzi moja ya Selsiasi, mvuke unaoweza kubebwa huongezeka kwa karibu asilimia 7. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliichunguza mvua ile ya 2023, wakasema kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kuliifanya iwe nzito hadi mara mbili. Kundi hilohilo lilikuwa limeuchunguza ule ukame uliotangulia, likakuta kwamba ukavu wa namna ile umekuwa rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi ya zamani, kwa sababu ya joto lilelile linalokausha udongo na majani.

Kwa hiyo mapacha wetu wamepata nguvu mpya. Na jambo la uchungu ni kwamba mchunga ngamia wa Takaba hana kiwanda wala ndege. Anaadhibiwa kwa moshi wa wengine.

Kuyatengenezea maji pa kulala

Lakini usidhani watu hawa wamekaa tu wakingoja. Uliza uonyeshwe silanga. Ni bwawa la udongo lililochimbwa mahali ambapo maji ya mvua hupita, na katika sehemu hii ambayo haina mto wa kudumu, silanga ndilo linalowavusha watu na mifugo kiangazi. Likikauka, kinachobaki ni kusubiri malori ya maji.

Zamani uliona silanga ni dawa ya ukame. Litazame upya, nawe utaona kwamba ni dawa ya mafuriko pia. Maji yaliyotulia ndani ya silanga hayakuingia nyumbani kwa mtu. Unachukua kile kilichotaka kukuua Novemba, unakilaza shimoni, unakinywa Februari.

Wewe mwanafunzi, hebu chukua kalamu tupige hesabu. Paa la mabati la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7 lina eneo la mita mraba 56. Milimita 255 za mvua zikianguka juu yake, ni lita 14,280 kwa mwaka. Ondoa moja ya tano kwa yale yanayomwagika na kukauka. Zinabaki lita 11,400 na ushei, yaani mitungi 570 ya lita ishirini. Hilo ni paa moja, katika mji tunaouita mkame. Sasa fikiria mteremko mzima wa kilima.

Mbali na silanga kuna tangi la ardhini lililojengwa kwa saruji na kuezekwa, ambalo Wasomali huliita barkad. Neno hilo lina asili moja na birika la Waswahili wa pwani. Wengi wetu tunadhani birika ni la chai tu, lakini katika nyumba za kale za Lamu birika ni tangi la maji. Faida ya tangi lililofunikwa ni kwamba jua haliyaibi maji, wala mtoto hatumbukii.

Hata hivyo, si kila shimo ni neema. Silanga lisilo na njia ya kutolea maji ya ziada linaweza kupasuka ukuta likawa gharika lenyewe. Lisilozungushiwa ua wa miiba huingiwa na ng'ombe, likageuka tope na maradhi. Mifugo yafaa inyweshwe kwenye mabirika ya nje. Lisilozolewa matope wakati wa kiangazi hujaa udongo, na baada ya miaka michache linabaki jina tu. Mathenge nao, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka ng'ambo, huziba laga na kuyasukuma maji yaende yasikotakiwa, hivyo hauna budi kung'olewa mara kwa mara. Tena silanga likichimbwa mahali pasipokubaliwa na wazee wa pande zote, huvuta watu na mifugo wengi mahali pamoja, na ugomvi wa malisho huanza. Kwa hiyo kazi ya kwanza si tingatinga. Kazi ya kwanza ni kikao chini ya mti.

Kazi ya pili ni neno kufika mapema. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Lakini kumwambia mfugaji kwamba "mvua itakuwa zaidi ya kawaida" hakumsaidii sana. Anachotaka kujua ni lini awatoe mbuzi ukingoni mwa laga, na awapeleke wapi. Hapo ndipo redio za Kisomali kama Star FM, vipaza sauti vya misikiti na simu ya mkononi vinapokuwa na kazi. Mtu mmoja aliye kijiji cha juu, akiiona laga imeamka, akampigia simu jamaa yake wa kijiji cha chini, ameokoa zaidi ya helikopta itakayokuja kesho yake.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu. Ni kumhamisha yule aliye bondeni. Tangu 2021 kuna mpango wa FLLoCA, wa serikali pamoja na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, unaopeleka kwenye kaunti fedha za kukabiliana na mabadiliko ya hali ya anga, ambapo kamati za wadi hutakiwa kupendekeza miradi. Ni wazo zuri. Lakini ukitaka kulipima, uliza swali moja: katika kamati hiyo, yumo mama anayelala kando ya laga? Ikiwa waliomo wote wanakaa juu, silanga litachimbwa karibu na walio juu, na maji yataendelea kumtembelea yule yule.

Pia kuna fedha za HSNP zinazolipwa familia maskini za Mandera na kaunti nyingine kame. Mtu akipata kitu kidogo kabla ya mbuzi wa mwisho kufa, huenda asilazimike kushuka bondeni kabisa. Mafuriko mengine, msomaji, huzuiliwa wakati wa kiangazi.

Kabla hujarudi

Wakati mzuri wa kuitembelea Takaba ni Juni, gu ikiisha salama. Nchi huwa ya kijani, ngamia wamejaa maziwa. Salimu kwa Assalamu alaikum, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikaribishwa anjera na nyirinyiri, usijidai huna njaa.

Kisha rudi Nairobi, na ukifika simama kwenye daraja la Mto Mathare. Watazame walioishi ukingoni pale mvua za Aprili na Mei 2024 ziliposomba nyumba za Mathare na Mukuru. Wengi wao pia hawakuchagua kukaa pale. Walisukumwa na kodi ya nyumba kama vile mchunga ngamia alivyosukumwa na kiu. Laga ya Takaba na mto wa Mathare ni ndugu, ila mmoja huamka mara chache zaidi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa Takaba wanayazoa, shimo kwa shimo, mtungi kwa mtungi, kwa sababu hawana mengine. Sisi tulio na bomba nyumbani tumeyaachia yajipitie, tukaziba mifereji kwa takataka na kujenga juu ya mikondo. Mvua zijazo zitatukuta wapi?